Kipima unyevu kinasoma 92% lakini uyoga unakauka. Mnaolima chumbani, tatizo ni nini?

#1 Goba Juu
Wakuu habari za jioni. Nalima uyoga mamama (oyster) kwenye chumba cha uani, Goba, Dar. Chumba ni cha tofali za simenti, mita tatu kwa nne, bati juu, dari hakuna. Chini nimemwaga mchanga nauloweka, ukutani nimetundika viroba vilivyolowa, madirisha nimeziba kwa nailoni ili unyevu usitoke. Mifuko ya kuoteshea uyoga ipo kwenye vichanja vya ngazi tatu.

Utando mweupe wa kuvu ulitapakaa vizuri kabisa. Nikatoboa mifuko, vichwa vidogo vikatoka vingi hadi nikaanza kupiga hesabu za faida. Baada ya hapo vinageuka njano, vinasinyaa, vinakauka. Vinavyopona ni vichache, vingi vyake vya ngazi ya chini.

Kinachonichanganya ni hiki: kipimo kinasoma unyevu 92%, joto 26. Kila mwongozo unasema unyevu uwe 80 hadi 95. Sasa uyoga unakaukaje ndani ya 92? Mbegu ni ile ya kijivu. Namwagilia asubuhi na jioni kwa pampu ya mkono.

#2 Kiti cha Mbele
Naweka kambi hapa.

#3 Bwana Tarumbeta
Chumba cha uani, madirisha yamezibwa, joto, unyevu... nilidhani ni ile biashara nyingine. Nimekuja mbio bure.

#4 Mzee wa Vichanja
Ile nyingine ikianza kutoa maua inataka hewa kavu, mwenzio hapa anatafuta maji. Na polisi hawaji kukamata uyoga. Tumsaidie mtu.

#5 Mama Mamama
Goba Juu, hivyo vipimo unasoma saa ngapi?

#6 Goba Juu
Saa kumi na mbili asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, na saa moja usiku nikirudi. Mara zote ni 90 na kitu.

#7 Mama Mamama
Basi chumba chako hukijui. Unakijua kikiwa kimelala. Uyoga wako unakufa saa nane mchana, wewe uko kazini, bati limepigwa jua tangu saa tatu. Mimi niko Kibaha, chumba changu cha kwanza kilikuwa cha bati hivyohivyo. Nenda siku ya mapumziko ukakae humo mchana nusu saa, utatoka umelowa jasho.

#8 Mwalimu wa Zamu
Niongezee alichosema Mama Mamama, maana wengi tunaisoma asilimia ya unyevu kama vile ni kiasi cha maji. Siyo. Ni maji yaliyopo hewani ukilinganisha na yale ambayo hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto hilo. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba unapanda sana.

Chukua chumba chako. Joto 26, hewa inaweza kubeba kama gramu 24.4 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Asilimia 92 ni gramu 22.4 hivi. Mchana joto likifika 33, uwezo unapanda hadi karibu gramu 35.7. Maji yakibaki yaleyale 22.4, kipimo kitaonyesha 63. Hakuna tone lililotoka chumbani, lakini kiu ya hewa, yaani nguvu yake ya kunyonya maji kwenye kitu kilicholowa, imepanda karibu mara saba. Kichwa kidogo cha uyoga hakina ganda la kujikinga kama jani. Kinanyonywa tu.

Kwa hiyo ukisema "unyevu 92" bila kutaja joto na saa, hujasema kitu.

#9 Mzee wa Vichanja
Mwalimu, hesabu imesimama ila umesahau mchanga. Mtu ameloweka sakafu nzima na viroba ukutani. Joto likipanda vile vitu vinatoa mvuke, kwa hiyo maji hewani hayabaki 22.4. Sikubali kwamba kinashuka hadi 63.

Mimi nashuku kipimo chenyewe. Hivi vidude vya bei poa vya betri ya saa vinadanganya, na vikikaa muda mrefu kwenye chumba cha maji ndiyo vinaharibika kabisa, vinaganda kwenye 90 na kitu. Kipime kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya kupikia, tone maji kidogo iwe tope, isiwe supu. Weka pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, bila kugusana. Acha masaa 8 hadi 12 mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa ya juu ya chumvi iliyolowa hukaa 75%, ukiwa Dar ukiwa Moscow. Kipimo kikisoma tofauti na hapo, ujue uongo wake ni wa kiasi gani.

#10 Mwalimu wa Zamu
Mzee hoja ya mchanga naipokea. Nilisema "maji yakibaki yaleyale". Lakini kuna swali: mchanga unatoa mvuke kwa kasi ya kutosha? Maji ya sakafuni yapo chini na ubaridi uko chini. Bati liko juu na joto liko juu. Ndiyo maana ngazi ya chini inapona.

#11 Dogo Laha
Ngazi ya chini inapona kwa sababu ya hewa chafu. Hewa ukaa ni nzito, inashuka chini.

#12 Mama Mamama
Dogo Laha, hewa chafu haimponyi mtu, sembuse uyoga. Hewa ukaa ikizidi, uyoga unatoa mguu mrefu mwembamba na kofia ndogo. Goba Juu, hivyo vinavyopona vikoje umbo lake?

#13 Goba Juu
Dada umenikamata. Miguu mirefu, kofia ndogo kama kifungo. Nilidhani ndivyo mbegu ilivyo.

#14 Mama Mamama
Mbegu haina kosa hapo. Umeziba madirisha, uyoga unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa usiku na mchana kama sisi. Hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Mamama ukiwa unatoa vichwa unataka isizidi 1000 hivi. Humo ndani mwako kwa kuziba kulivyo naamini umepita mbali.

#15 Fundi Ubaridi
Nimeona watu wanaelekea kumshauri aweke feni. Msimwue. Feni ikiupiga uyoga moja kwa moja inaukausha hata unyevu ukiwa 90. Hewa iliyo karibu kabisa na ngozi ya uyoga huwa imeshiba maji, feni inaifagia na kuleta nyingine yenye kiu. Kama ni feni, iwe ndogo ya kutoa hewa nje, ikae juu karibu na bati, na chini uache tundu lenye wavu wa mbu na kiroba kilicholowa mbele yake. Hewa inaingia ikiwa imepita kwenye maji.

Kiyoyozi usikiwaze. Kinapoza kwa kuitoa maji hewa, ule mrija unaodondosha nje ni unyevu wa chumba chako.

#16 Mswahili wa Muscat
Fundi Ubaridi, huku Oman bila kiyoyozi hulimi hata pilipili ya ndani kiangazi. Nje ni 40 na zaidi. Mimi nafanya kidogo tu kwa ajili ya nyumba, nawasha kiyoyozi na mashine ya ukungu kwa pamoja, moja inatoa maji nyingine inarudisha. Bili inauma ila inawezekana. Tahadhari moja: mashine ya ukungu ukiiwekea maji magumu inamwaga vumbi jeupe la chumvichumvi juu ya kila kitu.

#17 Makole
Mbona mnahangaika? Niko Dodoma. Viroba vya maji ukutani, dirisha wazi nusu, chumba kinashuka nyuzi kibao mchana. Sina feni, sina mashine. Goba Juu loweka viroba mara nne kwa siku, basi.

#18 Mwalimu wa Zamu
Makole, Dodoma hewa ni kavu, ndiyo sababu. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, lakini yanageuka tu kama hewa ina nafasi. Hewa ya joto 32 na unyevu 30, ukiipoza kwa maji peke yake inaweza kushuka hadi karibu 20. Hewa ya Dar ya 31 na unyevu 75 haishuki chini ya 27 hata uloweke viroba vya mkoa mzima. Unachokiona wewe ni cha kweli, ila hakisafiri kuja pwani.

#19 Makole
Sawa Mwalimu, ila kwa hesabu zako Dar hakuna anayelima uyoga, na sokoni nauona.

#20 Mzee wa Vichanja
😂😂 Makole amekujibu.

#21 Binti Mbegu
Anayelima Dar na akafanikiwa kachagua mbegu. Hapa ndipo naona wote mmeparuka. "Mamama" siyo uyoga mmoja. Ile ya kijivu hasa, Pleurotus ostreatus, inapenda kutoa vichwa kwenye nyuzi 10 hadi 21. Hiyo ni Njombe, siyo Goba. Ile ya pinki, Pleurotus djamor, yenyewe ni ya nchi za joto, inatoa kwenye 24 hadi 30 bila kulalamika. Kuna na mbegu za kijivu zilizochaguliwa kustahimili joto, lakini muuzaji akikuambia tu "ni ya kijivu" hujui umepewa ipi.

Goba Juu, wewe unapigana na joto wakati ulitakiwa kubadilisha mbegu. Ubaya wa pinki: haikai. Ukichuma leo uza leo, na ikipikwa rangi inapotea, mteja aliyenunua kwa sababu ya urembo analalamika.

#22 Mama Mamama
Binti Mbegu hapo sawa, lakini ameshasema vichwa vimetoka vingi. Mbegu ya baridi ingegoma hata kuchomoza.

#23 Binti Mbegu
Si lazima. Usiku kunapoa kidogo, mvua ikinyesha kunapoa zaidi, vinachomoza. Mchana vinaungua. Hasa ndicho anachokieleza.

#24 Karibu na Ziwa
Habari zenu, Mwanza hapa. Mimi naona jambo moja limepitwa. Amesema vinageuka NJANO halafu vinakauka. Kichwa kilichokosa maji kinaanza kukauka pembeni, kinakuwa kigumu, kahawia. Njano yenye utelezi ni bakteria. Wanapenda maji yanayotuama juu ya kofia. Anamwagilia jioni, amefunga kila tundu, maji yanakaa juu ya vichwa usiku kucha. Tatizo lake ni maji MENGI.

Ukimwagilia, elekeza pampu juu hewani, kuta na sakafu. Usiipige mifuko. Na baada ya kumwagilia uyoga uwe umekauka juu ndani ya saa chache.

#25 Goba Juu
Wakuu mnanichanganya sasa. Mmoja anasema kavu, mwingine anasema maji mengi. Nimeshika kimoja, ni njano na kama kina utelezi kidogo hivi. Vingine ni vikavu kabisa.

#26 Bwana Tarumbeta
Una magonjwa mawili, hongera.

#27 Mzee wa Vichanja
Chumvi! Mmesahau chumvi. Tusipige ramli kabla ya kupima.

#28 Kikuyu wa Limuru
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu tunalima sana ile nyeupe ya mviringo, hiyo inataka 14 hadi 18 wakati wa kutoa, kwa hivyo kilio chetu ni baridi ya Julai. Wengine huingiza jiko la makaa ndani ili joto lipande. Je, kuna njia nyingine rahisi?

#29 Fundi Ubaridi
Ndugu wa Limuru, jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua mtu, na gesi yake ya sumu haina harufu ya kukushtua. Acheni kabisa. Tumia pipa la maji ya moto lenye mfuniko, au pasha joto chumba cha nje uvutie hewa ndani. Pia mkumbuke mifuko yenyewe inatoa joto utando unapotapakaa, katikati ya mfuko kunaweza kuwa na nyuzi kadhaa juu ya chumba. Ukiisogeza karibukaribu kwenye chumba cha giza inapashana joto.

Na hiyo hiyo ni onyo kwa Goba Juu: wewe isogeze mbalimbali.

#30 Goba Juu
Mrejesho. Chumvi nimefanya kama Mzee alivyoelekeza. Kipimo kimesoma 84 mahali pa 75.

Pia mdogo wangu alikuwepo nyumbani, nikamwambia asome saa nane na nusu mchana ngazi ya juu. Joto 34, unyevu 81. Ngazi ya chini 30, unyevu 88.

#31 Mzee wa Vichanja
Nilisema mimi. Kipimo kinaongeza tisa. Ile 92 yako ni 83, na 81 ya mchana ni 72.

#32 Mama Mamama
Nilisema mimi. Saa nane mchana.

#33 Binti Mbegu
34! Kwa ile ya kijivu? Nimemaliza.

#34 Mwalimu wa Zamu
Mzee, kipimo kilichokosea tisa kwenye 75 si lazima kikosee tisa kwenye 92, kwa hiyo hiyo 83 isichukuliwe kama ya msahafu. Ila tofauti ya ngazi inaeleza mengi. Nyuzi nne kati ya juu na chini ndani ya chumba kimoja. Hivyo ni vyumba viwili.

Na kuhusu ule ubishi wa mchanga, jibu ni hili: 72 kwenye joto la 34 ni bora kuliko 63 niliyokisia, kwa hiyo mchanga unafanya kazi, Mzee alikuwa na hoja. Bado kiu ya hewa hapo juu ni kubwa.

#35 Karibu na Ziwa
Na utelezi je? Joto peke yake halileti utelezi.

#36 Goba Juu
Kuna kingine sijawaambia. Mfuko mmoja wa ngazi ya juu, karibu na mlango, umetoa vizuri kuliko yote. Kofia pana, miguu mifupi. Juu kabisa ya chumba, kwenye joto lote hilo.

#37 Kiti cha Mbele
Hapo sasa.

#38 Mama Mamama
Mlango unafunguliwa, unapata hewa.

#39 Fundi Ubaridi
Na unapata mwanga. Nyie mmeziba nailoni, nyeusi au nyeupe? Uyoga haupiki chakula kwa mwanga, lakini bila mwanga kidogo kofia haifunguki inavyotakiwa.

#40 Goba Juu
Nyeusi.

#41 Karibu na Ziwa
Au pampu haifiki pale mlangoni, ndiyo maana haulowi. Mnaona? Unaopata maji kidogo ndio umenawiri.

#42 Dogo Laha
Au mfuko huo una mbegu nyingi kuliko mingine.

#43 Mzee wa Vichanja
Dogo Laha leo umesema neno.

#44 Mnyamwezi Halisi
Nimesoma mkibishana nikawakumbuka mchwa wa kwetu Tabora. Wale wa vichuguu vikubwa wanalima kuvu ndani, wanaitunza kwenye joto la karibu nyuzi 30, nje kuwe na baridi ya usiku wa Juni au jua la Oktoba. Mvua zikianza uyoga unachomoza juu ya kichuguu, mtamu kuliko hayo mamama yenu ya maranda. Na hadi leo kuulima huo bila mchwa kumewashinda watu.

Ukuta wa kichuguu ni mnene na una vijitundu. Unene unazuia joto, vijitundu vinapitisha hewa. Mwenzetu kajenga kwa tofali za simenti na bati tupu halafu anaziba hewa, kafanya kinyume cha mchwa.

#45 Makole
Chumba cha udongo na paa la nyasi. Wazee walikuwa na akili.

#46 Karibu na Ziwa
Nyasi zinaleta wale nzi wadogo na wadudu wengine, mayai yakiingia kwenye mifuko umekwisha. Dari aweke, ila siyo la nyasi mbichi.

#47 Fundi Ubaridi
Rahisi zaidi: nje juu ya bati, inua fremu ya mianzi kama nusu mita, tandika makuti au neti ya kivuli. Jua lisiguse bati kabisa na hewa ipite katikati. Ndani piga dari la turubai jeupe. Joto likishafika ndani kulitoa ni gharama, lizuie nje.

#48 Dada wa Arusha
Naomba niingize la afya. Mkishaanza kuchuma, kofia zikikomaa zinamwaga spora, lile vumbi jeupe. Ukilala chumba kinachopakana au ukiingia kila siku bila barakoa unaweza kupata kikohozi na kifua kubana. Chumeni kabla ukingo wa kofia haujajikunja juu. Huo pia ndio uyoga unaouzika.

#49 Goba Juu
Asante dada, kikohozi ninacho kweli, nilidhani ni vumbi la barabara yetu.

Wakuu nimeamua. Jumamosi naweka kivuli cha makuti juu ya bati na turubai ndani. Natoa nailoni nyeusi naweka wavu. Namwagilia kuta na sakafu tu. Na nimeagiza mbegu ya pinki kwa mifuko mipya.

#50 Mwalimu wa Zamu
Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo hutajua kilichokuponya ni kipi. Anza na kivuli peke yake, mchumo mmoja, soma vipimo mchana, halafu kingine.

#51 Goba Juu
Mwalimu, mimi nataka kuuza uyoga, sitafuti shahada.

#52 Karibu na Ziwa
😂 Ukipona ni maji, nasema mapema.

#53 Binti Mbegu
Ni mbegu.

#54 Mgeni Mbagala
Nimeusoma uzi wote. Je, nikiweka feni ya dari?

#55 Mzee wa Vichanja
Rudi namba 15.